Makaa Yasiingie Tena Karavanini

Bismillahi. Mwanangu Mishari, mkeo amenipigia simu kutoka hospitali mliko: mjukuu wangu Luluwa amefumbua macho. Alhamdulillahi. Natangulia nyumbani.

Mkirudi hapa kambini Salmi, dirisha nililolivunja msilizibe. Baridi ikizidi, jifunikeni majoho ya sufu. Makaa yasiingie tena humu karavanini. Lile jiko nimelipondaponda kwa nyundo ya vigingi. Kahawa imo chupani.

Alfajiri niliwagongea kwa ajili ya sala, hamkuitika. Nikavunja kioo. Nilimtoa kwanza mjukuu wangu, amelegea kama nguo mbichi, kisha mkeo, kisha wewe, nikikuburura kwa nywele hadi mchangani. Ulipozinduka ulinikaba koo: “Mzee, umerukwa na akili? Unatuua!” Nikakuzaba kofi, damu ikakuchuruzika puani.

~~Wala sikuombi radhi.~~

Niwie radhi. Ni mimi niliyekufundisha kulala na makaa, kama tulivyolala hemani kwa marehemu babu yako. Lakini hema la manyoya ya mbuzi hupumua. Sanduku hili la bati, uliloliziba kila tundu kwa kuogopa vumbi, halipumui. Shavu lililostahili kofi lile ni langu.

Baba yako