Ukitokea Kushoto

Jumatatu, 9 Machi
Nyasi zimeshika. Shimo la kumi na mbili la uwanja wetu wa gofu limekwisha, na silisifu kwa sababu tu nimelichora mimi — ni jeuri kweli. Pa kuanzia unaona bwawa kulia. Kushoto uwanda mpana, unakuita. Kila mwenye akili atapiga kushoto. Hapo ndipo ninapomnasa. Ukitokea kushoto, pale penye bendera pameinamia bwawani: mpira ukitua tu, unateleza mpaka majini. Anayethubutu kupita kulia, kando ya maji, ndiye anayepokelewa vizuri.

Mwenyekiti wa klabu kaja kulijaribu. Kapiga kushoto, kamaliza mipira yote ya mfukoni. Kanuna, kisha kacheka. Akaniapisha: hakuna mchezaji atakayeambiwa siri hii kabla ya mashindano ya Jumamosi. Nikaapa upesi, kwa majivuno. Shimo limezungushiwa kamba.

Jumatano, 11 Machi
Balaa. Mume wangu kajiandikisha! Klabu inatafuta mwalimu wa gofu, na mshindi wa Jumamosi ndiye atakayepewa kazi. Tangu klabu yake ya zamani ifungwe, anashinda uani akipigia mipira kwenye shuka alilotundika. Amekonda. Namwonea huruma mpaka namkasirikia.

Nikamweleza kiapo changu. Akasema sawa, hataniuliza. Sahani hazijaondolewa mezani, kashaniuliza — eti, fundi, ni kushoto au kulia? Nikamwambia ale.

Alhamisi, 12 Machi
Hatusemezani.

Ijumaa, 13 Machi
Mama mkwe kaingilia kati. Mke gani huyu anamfungia mumewe riziki? Nikamjibu: mama, nikimwambia na ikajulikana, tutakosa kazi sote wawili. Akasonya, akaendelea kukunja nguo.

Ukweli ni kwamba si kiapo tu. Nataka shimo langu liwashinde wote. Wote kasoro mmoja. Naona haya hata kuandika.

Jioni mume wangu kanishika bega. Kasema niache kununa, hataki ushindi wa kupewa. Nilikuwa karibu kulia.

Jumamosi, 14 Machi
Nipo kwenye hema la waamuzi, karibu na pa kuanzia shimo langu. Radi imesimamisha mchezo. Mume wangu yuko kundi la kwanza na anacheza vizuri ajabu, hajakosea popote. Linalofuata ni la kumi na mbili. Hakuna aliyelicheza bado.

Alikuja kujikinga, akakaa karibu nami, maji yakimdondoka. Hakuuliza kitu. Alilalamikia soksi zake tu. Nami sikufungua mdomo. Lakini macho yangu yalikuwa kule kushoto, kwenye ule uwanda. Nilikuwa namwona keshapiga pale, mpira unateleza, kazi inakwenda zake. Hofu ilinisahaulisha nilipo. Nilipogeuka, alikuwa ananitazama mimi, kisha akatazama kule nilikokuwa nakodolea.

Akaniminya vidole. Asante, fundi, alisema polepole. Nimeelewa.

Kaelewa nini? Nikataka kusema — kusema nini sasa? Mwenyekiti akaingia kuwaita wachezaji. Akaondoka anatabasamu, mara ya kwanza wiki nzima.

King'ora kimelia. Yuko pa kuanzia. Kachomeka kijiti, kaweka mpira juu yake. Anapanga miguu — kushoto, kushoto kabisa. Nikimwita tu kutoka hapa atanisikia. Mwenyekiti kasimama ubavuni mwangu, na mimi bado naandika