Ndege ya vita niliyoigundua mimi peke yangu

Hhando, nakuandikia nimejificha nyuma ya gari. Usicheke.

Leo huku Oloipiri nimegundua ndege ya vita. Ndiyo, mimi, Fabian wa Rhotia. Dude kuukuu la jeshi la wazungu, limelala porini, bawa moja halipo.

Wageni wangu wawili nusura walie kwa furaha. Nikatanua kifua: "Tangu vita viishe, hakuna binadamu aliyegusa mlango huu."

Hakuna binadamu, Hhando! Na mlango umezibwa kwa matawi ya miiba yaliyokatwa kwa panga! Hata mtoto wa chekechea anajua hilo ni lango la zizi. Ndani kitu kikalia. Mimi, msomi wa chuo cha utalii, nikasema ni upepo.

Nikayavuta matawi.

NDAMA, mwanangu. Zizi zima la ndama. Wamenikanyaga wote, mbio moja kwa moja kwa mama zao, ambao ndiyo kwanza wanarudi kukamuliwa. Wamenyonya mpaka matumbo yakawa ngoma.

Akaja mwenye ng'ombe, mama anaitwa Nalangu, kibuyu cha kukamulia mkononi, kitupu. Akanitazama toka kofia mpaka buti.

"Umegundua ndege?"

"Ndiyo, mama."

"Hongera. Sasa gundua na maziwa, watoto wangu hawajala."

Gundua na maziwa!

Wageni wakauliza mama anasema nini. Nikatafsiri: anasema karibuni sana.

Sasa wamekaa pale kwake, wanatabasamu, wanasubiri chai ya maziwa.