Baba, Ulisema Niende Chuoni?

Kwako baba, uliyelala Burat,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si mama, si mchungaji, na hata kwa Mungu nimelipitia pembeni. Siku ile uliyotuacha, maneno uliyoniambia sikuyaelewa. Uliongea Kiturkana, nami nikawa natikisa kichwa kukubali, kama mwanafunzi anayeogopa kuulizwa swali. Na kwa sababu nilitikisa kichwa, ukaendelea.

Basi nimeliandika. Nilidhani nikiliandika litapungua uzito, lakini bado.

Hapa nyumbani wote wanaamini najua ulichosema. Tulikuwa wawili tu chumbani, wewe kitandani na mimi kwenye kigoda, mama ametoka kwenda kukutafutia maziwa. Baada ya mazishi akaniuliza, "Baba yako alikuambia nini?" Nikajibu, "Aliniombea." Nilikisia. Mtu wa kanisa akiwa katika hali ile, atafanya nini kingine?

Si kwamba ulininyima lugha yako, baba. Wewe Mturkana, mama Mmeru, mlikutana hapa Isiolo kwa Kiswahili na mkajenga ndani yake. Mkigombana ni Kiswahili, mkicheka ni Kiswahili. Kiturkana kilikuwa cha wageni wako kutoka Burat na Kipsing, waliokaa nawe nje kwenye kivuli cha nyumba wakinywa chai, na mimi nikileta vikombe nilipita katikati ya maneno yenu kama mtu anayekatiza shamba la wenyewe. Halafu mkanipeleka bweni. Pale shuleni, mwenzetu akinaswa akiongea lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni, akakivaa mpaka amnase mwingine. Mimi sikukivaa hata mara moja. Walimu wakanisifu, wakasema huyu msichana ana nidhamu, kwake ni Kiingereza na Kiswahili tu. Kumbe sikuwa na lugha ya kunaswa nayo.

Jumapili ndipo nilipokuona ukiwa mtu mwingine. Wiki nzima ulikuwa karantini, ukichunga ng'ombe wa kuuzwa mpaka daktari wa mifugo awaruhusu, ukirudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Lakini Jumapili ulivaa lile koti la kahawia ukasimama kando ya mhubiri kutafsiri. Unamkumbuka yule mgeni aliyehubiri kuhusu subira? Aliongea, akaongea, akafuta jasho. Wewe ukasema maneno mawili kwa Kiturkana, ukanyamaza. Akakuuliza mbona mafupi hivyo, nawe ukamwambia kwa upole, "Hawa ni wafugaji, mchungaji. Subira wanaijua." Kisha ukawatafsiria hata hilo, kanisa lote likacheka. Mimi nilicheka pia, kwa kuwafuata.

Ulipenda kusema kwamba maneno mepesi yanapita kwa lugha yoyote, lakini yaliyo mazito mtu huyatoa kwa lugha aliyonyonya. Nilisikia kama msemo tu. Sikujua unaniambia mimi.

Halafu akaja yule mchungaji mzee, mkuu wa chuo. Alihubiri kwetu nilipokwisha kufanya mtihani wa kidato cha nne, akanikuta nyuma ya kanisa nikisoma peke yangu, akakueleza habari za chuo chake: chuo kidogo cha Kikristo, huko juu upande wa Meru, wanafunzi wachache, mafunzo ya mtindo wa kale. Kilatini, Kigiriki, nahau yaani sarufi, mantiki, balagha yaani ufundi wa kusema, na vitabu vya zamani vinavyosomwa kwa sauti mpaka vieleweke. Ukasema lazima tukakione kwa macho. Mzee Jama, jirani yetu Msomali mwenye lori, akatubeba, mimi katikati, nyinyi mkiongea juu ya kichwa changu. Alipokuuliza huko watu wanasoma nini, ukamtajia. Alicheka mpaka nikauogopea usukani.

"Warya, nahau, mantiki, balagha? Hiyo ni ya msikitini. Babu yangu aliisoma Berbera kabla Waingereza hawajamfanya askari. Nyinyi Wakristo mmechelewa tu, lakini karibuni."

Ukamjibu kwamba aliyechelewa anakuta chakula kimepoa, haungui mdomo. Mkachekana hivyo mpaka Subuiga.

Pale chuoni baridi ilinifanya bubu zaidi. Nyumba za mawe, mabati yenye kutu, na darasa moja la vijana wanaoimba kwa pamoja: mensa, mensam, mensae. Ukaniuliza kwa sauti ya chini wanaimba nini. Mkuu akasikia, akasema ni neno la Kilatini, maana yake meza. Ukasimama pale pale mlangoni. "Meza? Meza yetu hii?" Akakueleza jinsi neno lilivyosafiri, kutoka Roma mpaka kwa Wareno, na Wareno wakaliacha pwani. Uso wako, baba. Sikuuona hivyo tena. Ukanigeukia ukaniambia, "Mama, kumbe siku zote tunakula ugali juu ya Kilatini." Uliniita mama kwa sababu nina jina la mama yako.

Kisha ukamuuliza mkuu swali ambalo sikulitarajia. "Na Kiturkana? Nacho kina mizizi. Mnakifundisha?" Akasema bado, akasema hana mwalimu, akasema wanaanza na lugha zilizokwisha kufa kwa sababu hazibadiliki tena. Ukaitika kwa adabu, ukatazama mlima.

Mimi nilikuwa namtazama msichana mmoja aliyesimama mbele ya wenzake, mfupi kama mimi, akitetea hoja. Sentensi ya kwanza aliianza mara tatu, nilihesabu. Lakini alimaliza. Mkuu akatuambia kila mwanafunzi wa pale husimama hivyo, mara kwa mara, mpaka woga wenyewe uchoke. Wewe unanijua, baba. Unajua ninavyotumwa dukani nikarudi bila kitu kwa sababu wote waliokuja nyuma yangu walihudumiwa kwanza. Nilitamani woga wangu ukachokee pale.

Njiani kurudi nikakuuliza unaonaje. Ukasema, "Ni pazuri. Wacha nifikiri. Nikimaliza nitakuambia vizuri, kwa lugha yangu." Nikasema sawa. Ningekuambia pale pale kwamba lugha yako siijui. Lakini Mzee Jama alikuwa akisikiliza, nami nikaona aibu.

Kifua kikakubana, mwaka ule wa ukame na mahindi ya njano ya msaada, wakati hata karantini ng'ombe walikuwa wanakufa kabla ya kupimwa. Mama alikupikia uji wa yale mahindi, ukauonja ukasema una ladha ya gunia. Bado ulikuwa na mzaha. Hatukujua mzaha unaweza kubaki hadi mwisho hivyo.

Siku yenyewe ulianza kuongea mchana, jua likichoma bati. Sentensi fupi, halafu unanyamaza, unanitazama. Nyingine fupi, unanyamaza tena. Kila uliponyamaza nikatikisa kichwa. Kisha nikasikia neno nililolijua, ngakipi, maji. Wageni wako walizoea kuniomba hivyo. Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba mwishowe nimeelewa kitu. Nikakimbia kwenye pipa nyuma ya nyumba, lilikuwa karibu tupu, nikainama mpaka ukingo ukanikata tumbo. Nilirudi na kikombe kimejaa. Ulikitazama, ukanitazama, ukageukia ukuta. Hukunywa, na hukusema tena.

Niliishi na jambo hilo hivyo hivyo, nikidhani ulikuwa na kiu. Kisha tukakusanyika Burat kwa shangazi, dada yako, kumaliza matanga. Mzee mmoja wa ukoo akasimama na fimbo yake kuomba. Akasema neno, akanyamaza, watu wakaitikia kwa pamoja. Akasema lingine, akanyamaza, wakaitikia. Akasema ngakipi, wakaitikia. Mwili wangu ulijua kabla ya akili. Nikamnong'oneza shangazi, "Anaomba maji?"

"Haombi maji. Anabariki. Anataja mema, mvua, maji, mifugo, watoto, na sisi tunamwambia yapo. Usipoitikia, baraka inakosa pa kukaa."

Nikamuuliza kama mtu anaweza kumbariki mwenzake wakiwa wawili tu. Akasema anaweza, ila huyo mmoja lazima aitikie. Akaniuliza mbona nalia. Nikasema ni moshi.

Kwa hiyo lile neno langu, "aliniombea," lilikuwa kweli, na mimi niliyelisema sikujua. Ulikuwa unanyamaza ili niitikie, baba. Ulinipa nafasi, ukanipa tena, na mimi nikakuletea kikombe.

Sasa mambo yamefika hapa. Nafasi yangu imetoka kwa mchungaji mzee, na nyingine imetoka chuo cha ualimu. Mama hataki kusikia habari za Kilatini. "Utamfundisha nani hapa, mwari? Mbuzi?" Anapotaka kunishinda huniita mwari, binti kwa Kimeru, kwa sauti ya chini. Anasema cheti cha ualimu serikali inakijua, cha mzee yule hakuna anayekijua. Na siwezi kumwambia amekosea. Chuo ni kidogo mno, mkuu mwenyewe anashika ukuta akipanda ngazi, akiondoka sijui nani atabaki kuimba na wale vijana. Mama naye amekonda. Mwalimu mmoja nyumbani angekuwa pumzi kwake. Tena kuna hili ambalo yeye halijui: nitajifunza lugha za wafu nisiowafahamu, wakati yako wewe, uliyefia mbele yangu, imenishinda. Hilo likinijia naona hata mama, na maneno yake ya mbuzi, ananihurumia mno. Shangazi ameanza kuniongelesha Kiturkana kitupu kila nikienda, watoto wake wananicheka hadi wanakaa chini. Ni haki yao.

Na bado natamani kwenda. Nikifunga macho namwona yule msichana mfupi akimaliza hoja yake.

Mama ametoa neno lake la mwisho. Alilisema akiwa anachambua mboga, bila kuniangalia. "Kama baba yako alisema uende, utaenda, sitakuzuia. Kama hakusema, utakuwa mwalimu."

Unaona, baba? Ni neno moja tu. Alisema. Hakuna wa kunibisha, maana hakuna mwingine aliyekuwepo. Nimelijaribu nikifua nguo, nimelijaribu nikisonga ugali, na linatoka vizuri, bila kukwama, mimi ambaye hata salamu hunikwama. Hapo ndipo nilipojiogopa. Ningeingia chuo cha mantiki kwa kumwekea marehemu maneno kinywani.

Na kuna lingine, baya zaidi. Nilitaka uwe umeniamulia. Nikifaulu iwe baraka yako, nikiharibu liwe kosa lako, mimi nibaki mtoto. Labda kati ya zile sentensi fupi ilikuwepo moja ya chuo. Labda ulisema niende. Labda ulisema nisithubutu, nikae na mama yangu. Nimeacha kujikumbusha sauti za sentensi zile, kwa sababu kila nikizikumbuka nazigeuza kidogo, zifanane na ninachokitaka. Ulivyokuwa mkalimani mwaminifu, ungeona haya.

Ndala za mama zinasikika uani. Wiki hii yote, nikizisikia, nimekuwa nikiisukuma karatasi hii chini ya godoro na kushika sindano kana kwamba nashona. Mchungaji mzee amefika kanisani leo kuchukua jibu, na mama ndiye atakayempelekea. Ananiuliza akiwa bado nje, "Mwari, umekumbuka baba yako alivyosema?"

Leo siifichi, nitampa aisome. Mama husoma kwa kidole, polepole, kwa hiyo itamchukua muda kufika mahali pa chuo. Nitakaa naye mpaka afike. Akishajua yote, akisema nikafundishe, nitakwenda kufundisha, na nitalia nikiwa huko. Pumzika, baba. Jibu hili si lako tena. Anausukuma mlango, nami bado naandika,

binti yako.