Diski ya Baba Imejaa

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumanne, 9 Juni.

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. U mzima? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi tunapumua. Mama hajambo, ila macho ndiyo hayo. Daktari anasema huenda mwakani asione kabisa.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zangu hupokei tangu tumzike Baba. Sikulaumu. Haya, nakulaumu kidogo.

Mama anataka kukuona kwenye kioo kikubwa cha kompyuta ya Baba, angali anaona. Nami kwa ujuaji wangu nikasasisha mfumo, kamera ikafa. Ni kuukuu mno. Baba alikuwa akiijengea kerneli mwenyewe, ule moyo wa mfumo, ndipo itambulike. Ikabidi nipakue msimbo wa kerneli hiyo mtandaoni niujenge upya, nikifuata daftari lake.

Loo, nimekoma! Kifurushi cha msimbo huo kiligoma kufunguka. Nikaandika amri mara sita, nikaitukana mashine, Mama ananicheka tu. Kumbe mtandao ulikatika, nikabaki na nusu ya faili. Daftarini Baba ameandika: "Angalia ukubwa kwanza, wewe mwenye papara." Alijua ni mimi nitakayesoma. Nililia, kaka.

Nikapakua tena, faili likatimia. Lilipofunguka nusu likasimama: diski imejaa. Nikatafuta kinachoijaza. Ni folda moja, ina jina lako la utotoni, Chenga. Ndani mna kila ujumbe wa sauti, kila picha na kila video uliyomtumia tangu mgombane, miaka tisa yote. Wewe ulidhani hasikilizi kwa kuwa hajibu. Ujumbe wa mwisho aliufungua asubuhi ile tuliyompeleka hospitali.

Nikamuuliza Mama kama nifute. Akasema, "Thubutu!" Nikafuta filamu zangu zote, nafasi ikapatikana.

Shangazi mshonaji na mapacha wake wanakusalimu sana. Mungu akutunze huko uliko, akulainishe na moyo.

Kamera iliwaka jana. Leo Mama amechana nywele, amekaa mbele yake tangu asubuhi, ananiuliza kila mara kama umeshatokea. Nimemwambia bado. Piga, kaka, angali anaweza kukutambua.

Mdogo wako asiyechoka kukupenda,
Kitinda mimba