Jibu la Shangazi Kuhusu Rangi Nyeusi

Msambweni, Jumamosi, Agosti 1999

Kumenyunya tangu asubuhi hadi jioni, mvua ile ya kusi isiyolowesha vizuri wala isiyoacha kitu kikauke. Sare yangu ya madrasa niliyoifua jana bado ina ubichi kwenye pindo. Nimetulia, lakini sijatulia moyo wote. Sehemu yake imebaki Ukunda, katika duka la Mueni.

Shangazi Mwanakombo amepata barua yake ya kwanza ya intaneti.

Ngoja niandike taratibu nisiruke kitu. Shangazi ni dada yake baba, na anaishi nasi tangu alipoachika. Kazi yake ni kupaka hina. Maharusi wa hapa wote wanaujua mlango wetu, ila harusi haziji kila wiki. Kilichokuwa kikimkimu ni meza yake ndogo katika hoteli moja ya Diani, alikokuwa akiwapaka wageni wa kike baada ya alasiri. Kisha ufukweni wakatokea watu wanaochanganya hina na dawa ya nywele, ile ya kuzitia weusi, ili iwe nyeusi tititi na ikauke upesi. Mgeni mmoja akaota malengelenge mkono mzima. Hoteli haikuuliza nani kachanganya nini. Ikawazuia wapakaji wote, na meza ya shangazi ikaondolewa.

Yeye hajawahi kugusa dawa ya nywele. Lakini samaki mmoja akioza, nani atalinusa kapu zima?

Kuna mama mmoja Mombasa anayemtaka akamfulie na kumpikia. Shangazi amesema atasubiri mpaka shule zifunguliwe, na kama hakuna kitu ataenda. Akienda tutakuwa tukimwona sikukuu hadi sikukuu. Sipendi kuliandika hilo. Lakini ndilo lililonifanya niende kwa Mueni mara ya kwanza, siku ambayo nilikuwa nimetumwa kununua uzi tu.

Mueni ni Mkamba, dada wa umri wa kuolewa, aliyekuja pwani kufanya kazi ya mapokezi hotelini. Sasa ana duka la kupiga chapa barua, na kompyuta yake ameiunga na simu ili iingie kwenye intaneti. Anatengeneza ukurasa wa mafundi wa kuanzia Diani hadi huku kwetu: mchonga vinyago, mshonaji, mwenye kupika kwenye nyumba za wageni. Kila mmoja ana picha moja na maneno machache ya Kiingereza. Mgeni aliye kwao, kabla hata ya kupanda ndege, anaandika neno analolitaka, na mashine inamtafutia kila mahali penye neno lile.

"Kama neno haliko kwa maandishi yako, mashine inakupita tu," Mueni aliniambia. "Hata ukiwa unajua kazi namna gani."

Sentensi hiyo ilinifuata mpaka nyumbani.

Shangazi alipoisikia habari yenyewe alicheka. "Mimi nitafutwe na mashine? Anayenitaka si anaujua mlango?"

Bibi, mama yake, alikuwa akichambua mchele. Akasema bila kuinua macho, "Wanaoujua mlango wameshaolewa wote, Mwanakombo. Labda wapewe talaka waanze upya."

Ndivyo shangazi alivyokubali. Hakusema ndiyo, ila hakusema hapana tena.

Picha ilitusumbua. Shangazi hakutaka uso wake uonekane na watu asiowajua. Hakutaka pia mkono wa bibi harusi yeyote, kwa sababu mkono ule, alisema, wa kwanza kuuona ni mume. Mimi nisingeweza, kwa kuwa shule zilikuwa hazijafungwa bado na mwalimu wa zamu hukagua mikono yetu kila asubuhi. Kila mtu akawa anaitazama mikono ya mwenzake.

"Nipakeni mimi," bibi akasema. "Mume wangu alishaniona, Mungu amrehemu."

Shangazi akampaka maua ya harusi kamili, kuanzia kwenye kucha mpaka juu ya kifundo cha mkono. Sijaona kazi nzuri kama ile. Ngozi ya bibi ina mikunjo, na hina ilitulia ndani ya mikunjo kama maji yanavyotafuta njia yake. Mpiga picha wa hapa alipokuja, bibi alitaka kujua kama mkono unatakiwa utabasamu.

Mueni hakuipenda picha. "Anti, hii mkono ni ya mzee sana. Wageni wanataka kitu ya vijana."

"Basi waambie watazame hina," shangazi akamjibu. "Mkono si wa kuuzwa."

Kisha yakaja maneno, na hayo yalikuwa juu yangu. Mwalimu wangu wa Kiingereza husema kwamba mwandishi mzuri huanza na jambo lililo kubwa kuliko yote. Nikaanza kwa kuandika kuwa shangazi ndiye mpakaji bora katika pwani yote. Nikamsomea kwa Kiswahili.

"Nani kasema hivyo?"

"Mimi, shangazi."

"Umeshapakwa na wangapi wewe?"

Nikafuta. Akaniambia yuko mwanamke Vanga anayempita kwa maua ya miguuni, na akisoma atamcheka. Nikamwambia huyo hatasoma. Akasema Mungu atasoma. Nilipoandika kwamba hina yake haiunguzi ngozi, akanirekebisha tena: niseme kwamba hajawahi kumuunguza mtu aliyempaka. Ya kesho hayajui.

Nilichoka kidogo siku ile, kusema kweli. Niliona kama ninasukuma mlango na yeye yuko nyuma yake anausukuma kurudi. Kila neno lililong'aa aliling'oa. Yaliyobaki yalikuwa madogo: kwamba majani anayachuma na kuyasaga mwenyewe, kwamba hachanganyi dawa ya nywele, kwamba rangi yake ni ya kahawia inayoelekea wekundu na huiva siku ya pili. Basi.

Mueni naye alikuwa na lake. Alisema wageni hawatafuti hina, hawaijui kwa jina hilo. Wanatafuta tatuu nyeusi. Kama maneno hayo hayamo, shangazi ataandikwa na asionekane na mtu. Lakini shangazi alikataa kuitwa mchora tatuu. Ni jambo la haramu, na tena si kweli.

Nililala na fumbo hilo, na asubuhi nikapata njia. Niliandika: Hii si tatuu nyeusi. Tatuu nyeusi za ufukweni zina dawa ya nywele na zimewaunguza watu. Hii ni hina.

Mashine haijui neno "si".

Mueni alicheka mpaka akashika meza. Shangazi aliniuliza mara mbili kama ni hila. Nikamwambia kila neno ni kweli, na yeye mwenyewe amelisikia. Akafikiri. "Haya. Kama ni kweli, itafute njia yake."

Hayo yote yalikuwa kabla ya likizo. Kisha wiki zikapita, pakawa kimya. Nilikuwa nikimpigia Mueni simu kutoka kibanda cha posta, naye ananijibu, "Bado, mrembo." Shangazi hakuuliza tena. Alianza kuzikunja nguo zake na kuzipanga upande mmoja wa sanduku, kidogo kidogo, kama mtu asiyetaka kuonekana anapanga.

Jana Mueni alituma salamu kwa mtu wa soko: njooni, kuna barua.

Leo tulifika Ukunda tumelowa mabega. Mueni akamwamkia shangazi shikamoo, jambo ambalo hakuwa akilifanya zamani, kisha akatusogezea viti viwili mbele ya kompyuta. Barua imetoka kwa mama mmoja wa Ulaya. Nilimsomea shangazi polepole, sentensi kwa sentensi. Mama huyo alikuja Diani mwaka jana na binti yake. Binti alichorwa ufukweni ua jeusi, akaungua, na alama imebaki mkononi hadi leo. Mama alikuwa akitafuta habari za majeraha ya namna hiyo ndipo akaangukia maneno yetu. Watarudi Desemba kwa harusi ya ndugu yake, itakayofanywa hapo hapo Diani, na wanawake wote wa harusi wangependa kupakwa. Binti naye anataka, ila bado anataka nyeusi. Anauliza: je, shangazi anaweza kupaka nyeusi isiyounguza?

Wanawake wote wa harusi. Niliisoma sehemu hiyo mara mbili, ingawa shangazi alikuwa ameshasikia.

Mueni akapiga kofi. "Sema yes! Andika ndiyo, anaweza. Wakishafika, mtaelewana huko mbele. Kwani atarudi na ndege juu ya rangi?"

Shangazi alikuwa anautazama ukurasa wake pembeni mwa kioo, wenye mkono wa bibi.

"Mwambie sina nyeusi," akasema. "Nina hiyo niliyoandika. Mwambie nyeusi ya upesi haikosi kitu ndani yake."

"Anti, utapoteza kazi hivi hivi!"

"Mwambie na hili, Saumu. Mtoto nisimpake palipoungua. Hata mahali pengine, kwanza nitamtia alama ndogo kama punje ya mtama, tungoje siku mbili. Ikimwasha, simpaki. Na kama aliugua sana safari ile na mama ana hofu, asimlete kabisa. Mimi sitaudhika."

Mueni akashika kichwa. "Wewe unafukuza mteja kwa Kiswahili, sasa Saumu amfukuze kwa Kizungu!"

Tulicheka sote, hata shangazi. Kisha akaniashiria niandike.

Hapa lazima niseme kweli, kwa kuwa hakuna maana ya kuandika shajara ya uongo. Shangazi hajui Kiingereza. Mueni alikuwa amesimama mlangoni akiongea na mteja. Vidole vyangu vilikuwa juu ya zile herufi, na ningeweza kuandika lolote. Ningeweza kuiacha ile habari ya punje ya mtama. Ningeweza kuandika kwamba rangi yake ni nzito, karibu nyeusi, na nani angejua? Nililiona sanduku lake akilini. Niliona nguo zilizopangwa upande mmoja.

Shangazi hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama mvua nje, ametulia, kama mtu aliyekabidhi mtoto wake kwa mtu anayemwamini.

Niliandika alivyosema.

Niliandika yote, na punje ya mtama pia, ingawa ilinibidi nimwombe Mueni kamusi. Niliongeza jambo moja tu ambalo shangazi hakulisema, nikamwomba ruhusa kwanza: kwamba mkono ulio kwenye picha ni wa mama yake mzazi. Aliruhusu. "Hilo ni kweli," akasema.

Mueni alibonyeza, kompyuta ikafikiri muda mrefu, simu ikalia sauti zake za ajabu, na barua ikaondoka. Hakutugombeza tena. Alipokuwa akitusindikiza alisema kwa sauti ndogo, kama anayezungumza na mlango, kwamba angekuwa na binti aliyeungua, hata yeye angeisoma barua ile mara mbili.

Tulirudi kwa matatu, kisha tukashuka tukatembea kutoka barabarani. Nilikuwa nikihesabu kichwani njia zote ambazo jibu letu linaweza kupokelewa vibaya. Huenda mama yule amechukia. Huenda amecheka. Huenda binti amekataa, anataka nyeusi yake, na huko ufukweni ataipata bila taabu. Ni ajabu kutafutwa. Unaandika kwa bidii ili mtu akuone, na anapokuona ndipo hofu inapoanza, kwa maana sasa anaweza kukuacha akiwa anakujua.

Nilimuuliza shangazi kama anajuta.

"Akija, atakuja akijua anakuja kwa nani," akasema. "Asipokuja, sikumpoteza. Hakuwa wangu."

Kisha, baada ya hatua kadhaa: "Ila ningependa aje."

Hajawahi kuniambia hivyo. Siku zote yeye ni wa kusema riziki iko kwa Mungu, na kufunga mazungumzo. Nilimshika mkono, tukatembea hivyo mpaka nyumbani, mimi mtu mzima wa kidato cha tatu.

Tulipofika, bibi alitaka kujua kama kuna mtu aliyemposa baada ya kuuona mkono wake. Tukamwambia bado. Akasema wazungu ni wazito.

Jioni mvua ilikatika. Shangazi alichukua kapu akaenda nyuma ya nyumba, kwenye mhina. Tangu meza ile ya hoteli iondolewe hakuwa ameugusa, hata bibi alimpaka kwa unga uliobaki, na matawi yamekwenda kila upande, yameshika hata kamba ya nguo. Alichuma mpaka giza likaanza kuingia. Hakuna aliyemwahidi kazi, na Desemba iko mbali. Nilitaka kumwambia hivyo, nikaona si mahali pangu. Nikaleta mkeka, nikautandika ukumbini ndani ya kivuli, kwa kuwa jua huyanyang'anya majani rangi yake. Tukayatandaza pamoja. Nguo zake bado ziko upande mmoja wa sanduku. Nimechungulia.

Sasa nyumba nzima inanukia hina mbichi, na mama yule huko kwao labda ndiyo kwanza anaifungua barua.

Asubuhi majani yatakuwa yamenyauka upande wa juu tu. Nitaamka mapema niyageuze kabla sijaenda madrasa.