Sahihi ya Kwanza Ilikuwa Yangu

Kisauni, njia ya Mwakirunge,
Jumatatu, 10 Novemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Faki,

Mimi kakako nina miaka themanini na moja. Nimezika wake wawili, na baraza la mji lenye mameya limekufa mimi nipo. Salaam alekum. U hali gani huko Maskati? Kifua kimepoa? Mimi mzima, ila magoti.

Binti yako Intisar yu hai, alhamdulillahi. Mtoto tumemkosa. Ijumaa asubuhi uchungu ulimshika, tukamtia tuktuk ya jirani Kyalo kumvusha kisiwani hospitali, foleni ya magari imesimama. Alizaliwa njiani, hakulia. Tumemzika siku ile ile.

Sasa nisikize, usiichane barua.

Zahanati yetu ya mtaani ilikuwa ijengewe chumba cha kuzalia. Fedha zilishapitishwa kwenye bajeti, kuta zimefika kwenye linta, juu ya milango. Mwezi wa pili ikaja bajeti ya nyongeza, tukaitwa ukumbini tutoe maoni.

Nilifika wa kwanza. Mlangoni pana karatasi ya kutia sahihi. Rispa, yule mwalimu mpangaji wangu, akasema kwa adabu, "Mzee, nikusomee hapo juu pameandikwa nini?"

Nikamwambia, "Mimi nilishika kalamu babako hajajua kutambaa."

Akaenda zake shule. Nikaandika jina langu, la baba na la babu. Watu wakaandika nyuma yangu kama maamuma nyuma ya imamu.

Mle ndani nilinguruma: chumba kwanza. Hapana alonguruma kama mimi, wallahi. Lakini hapana aloyaandika maneno yangu.

Ripoti ilipotoka, Rispa alitusomea kwenye simu. Fedha za chumba zimehamishiwa taa za barabarani, na wananchi walokubali ni hawa. Wa kwanza ni mimi.

Nimekwenda ofisini kwao mara tatu kugomba. Karani, mpole kabisa, akanigeuzia karatasi ile ya mlangoni, juu pameandikwa tumekubali fedha zihamishwe. "Hii si sahihi yako, babu?"

Ni yangu. Nzuri kuliko zote.

Kuta zimeota majani. Watu hunisalimu, hawasimami.

Nisalimie mkeo Jalila, na mwanao Ukasha. Mungu akupe subira, nami anipe pa kuutia uso.

Kama waniona nazidisha, muulize Intisar. Nimemwambia yote kwa mdomo wangu. Na bado kila asubuhi aniletea uji.

Akupendaye, utake usitake,
kakako Mahfudh