Hear na Listen Kwa Nyumba Yetu

Jumanne usiku

Sijui hata nilifungulia nini mdomo. Chebet alileta homework ya kufanya na mzazi, ati tofauti ya maneno ya Kiingereza, hear na listen. Mimi niliachia darasa la nne, na kwangu zote ni kusikia tu. Nikaogopa leo mtoto atajua mama yake hajui kitu.

Nikamwambia, "Ngoja." Nikaita mzee wangu: "Baba Chebet, ndama ameingia kwa mboga za sukuma wiki!"

"Nimesikia," akajibu, redio mapajani. Hakuinuka. Siku zote anasema ni mashine za kupasua mbao hapa Elburgon zilizomharibu masikio. Nikatoka kumfukuza ndama mwenyewe.

Niliporudi nikasema, tena kwa sauti ya chini kabisa, "Chai iko tayari." Alifika jikoni kabla sijamaliza.

"Umeona?" nikamwambia Chebet. "Ya ndama ni hear. Ya chai ni listen."

Mtoto alicheka mpaka akakaa chini. Nikajiona mwalimu mkuu, jamani.

Sasa shida. Ameandika yote, na jina la baba yake, kwa biro. Kesho ni mkutano wa wazazi na watoto watasoma kazi zao mbele. Na mwenyekiti wa wazazi ni nani? Ni huyu anayekoroma hapa, suti imeshapigwa pasi.

Nimuamshe nimwambie? Nimeshika bega lake mara mbili, nikashikwa na kicheko, halafu woga...

Wacha alale. Kesho nitakaa nyuma kabisa, karibu na mlango.